Je, Wajua? Liechtenstein: pasipoti ya nchi ndogo kuliko Mafia

Kuna nchi ambazo majina yake huyasikia mara moja kwenye maswali ya chemsha bongo, kisha yakasahaulika. Liechtenstein ni mojawapo. Mimi nimeisoma kwa miaka, na kila nikifungua ukurasa mwingine wa historia ya ubalozi na pasipoti zake, nakuta jambo la kumsimulia mtu. Leo nawasimulieni ninyi.

Taifa zima linaenea Uwanja wa Mkapa

Liechtenstein ina wakazi wapatao 40,000. Waalike wote Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuanzia vichanga hadi vikongwe, na bado utabakiwa na viti kama 20,000 vitupu. Eneo lake ni kilomita za mraba 160 tu: Kisiwa cha Mafia peke yake kinazidi mara mbili ya hapo. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni kilomita kama 25, safari ya daladala kutoka Posta hadi Mbezi.

Imebanwa kati ya Uswisi na Austria. Haina bahari, na majirani zake wote wawili nao hawana bahari. Duniani kote ni Uzbekistan tu inayofanana nayo kwa hilo. Haina kiwanja cha ndege. Haina jeshi. Lakini New York, ndani ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kura yake ni moja, sawasawa na ya China.

Ukiibiwa pasipoti Darajani, mlango ni wa Mswisi

Balozi na ofisi za uwakilishi za nchi hii duniani hazifiki kumi, na Afrika nzima hakuna hata moja. Sasa mtalii kutoka Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein, akichomolewa mkoba pale soko la Darajani, Zanzibar, aende wapi? Anavuka maji hadi Dar es Salaam na kubisha hodi Ubalozi wa Uswisi. Akiwa Kenya, ni Ubalozi wa Uswisi Nairobi. Na Mtanzania au Mkenya anayetaka viza ya kwenda Vaduz, naye hupitia kwa Mswisi.

Mpango huu ulianza 1919. Kabla ya hapo, tangu 1880, kazi hiyo ilifanywa na Austria-Hungaria, dola kubwa iliyosambaratika mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na kuiacha Liechtenstein bila mtu wa kuisemea. Ikageukia upande wa pili wa mto Rhine. Mwaka 1923 ikatia saini mkataba wa forodha na Uswisi, na hadi leo fedha ya sokoni Vaduz ni faranga ya Uswisi.

Ila kuazima mlango wa ubalozi hakujawahi kuwa kuazima msimamo. Tarehe 6 Desemba 1992 wananchi wa Uswisi walipiga kura ya maoni na kukataa kuingia Eneo la Uchumi la Ulaya. Wiki moja baadaye, tarehe 13, Liechtenstein ikapiga kura yake: ikakubali! Ilibidi mkataba wa zamani na Uswisi ukarabatiwe ili mtoto aingie nyumba ambayo mlezi wake ameikataa, na 1995 ikaingia kweli.

Nchi iliyonunuliwa kwa ajili ya kiti

Ukoo wa Liechtenstein ulikuwa wa matajiri wa Vienna, wenye mashamba makubwa, lakini ulikosa kitu kimoja: kiti katika baraza la Dola Takatifu ya Kirumi. Kiti kilidai ardhi iliyo chini ya Kaizari moja kwa moja. Basi mwaka 1699 ukanunua Schellenberg, mwaka 1712 ukanunua Vaduz, na tarehe 23 Januari 1719 Kaizari akaziunganisha kuwa nchi yenye jina la ukoo wenyewe.

Na wenye nchi hawakuwa na haraka ya kuiona. Mtawala wa kwanza aliyekuwa madarakani kukanyaga hapo alifika 1842, zaidi ya miaka 120 baadaye. Wa kwanza kuhamia kabisa alikuwa Franz Josef II, mwaka 1938, Hitler alipokwisha kuimeza Austria. Yaani nchi ilizaliwa kwa hati za mauzo na muhuri wa Kaizari, bila risasi hata moja.

Walikwenda 80, wakarudi 81

Mwaka 1866 Liechtenstein ilipeleka wanajeshi 80 kulinda njia ya milimani wakati wa vita vya Austria na Prussia. Inasimuliwa kwamba walirudi 81, wote wazima, kwa sababu walipata rafiki njiani. Miaka miwili baadaye, 1868, jeshi likavunjwa kwa kuwa lilikuwa ghali, na halijaundwa tena.

Kura moja peke yake

Mwaka 1920 Liechtenstein iliomba kujiunga na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Ilipofika Desemba ikakataliwa, na nchi pekee iliyoiunga mkono ni Uswisi. Sababu? Ndogo mno, haina jeshi, mambo yake mengi yanashikwa na wengine.

Ilichukua miaka 70 kuusahihisha uamuzi huo. Tarehe 18 Septemba 1990, mwaka uleule Namibia ilipopata uhuru wake na kiti chake, Liechtenstein iliingia Umoja wa Mataifa kwa miguu yake yenyewe. Nikifikiria mjumbe wake akikaa nyuma ya kibao chenye jina la nchi kwa mara ya kwanza, moyo hunichangamka.

Bendera pacha

Kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936, wanamichezo wa Liechtenstein waligundua kwamba bendera yao ya buluu na nyekundu inafanana na ya Haiti. Nchi mbili, bahari kubwa katikati, kitambaa kimoja! Mwaka 1937 Liechtenstein ikaongeza taji la dhahabu kwenye kona, nalo lipo hadi leo.

Pasipoti iliyofika The Hague

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, na wanafunzi wa sheria kutoka Dar es Salaam hadi Makerere wanakutana nacho darasani: kesi ya Nottebohm.

Friedrich Nottebohm alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1881. Mwaka 1905 akahamia Guatemala, akafanya biashara, benki na mashamba, akatajirika, lakini akabaki raia wa Ujerumani. Septemba 1939 vita vikalipuka Ulaya. Mwezi uliofuata Nottebohm akaomba uraia wa Liechtenstein, mahali alipokuwa na kaka yake. Sheria ilitaka mwombaji awe amekaa nchini miaka mitatu. Yeye akasamehewa sharti hilo. Akalipa faranga 25,000 kwa kata ya Mauren na 12,500 kwa serikali, akala kiapo tarehe 20 Oktoba, na pasipoti ikatoka. Siku chache tu za makaratasi! Akapata viza ya Guatemala mjini Zurich na mwanzoni mwa 1940 akarudi zake kwenye mashamba.

Kwake yeye, alikwisha kuwa raia wa nchi isiyo vitani. Guatemala haikukubali. Mwaka 1943 ilimkamata kama adui na kumkabidhi kwa Marekani, alikofungiwa kambini hadi 1946. Guatemala ilikataa kumpokea tena, na mali yake ikataifishwa. Akaenda kuishi Liechtenstein, safari hii kweli.

Hapo nchi ya watu wachache kuliko tarafa nyingi za kwetu ikafanya jambo la kishujaa: ikaishtaki Guatemala mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa ajili ya mtu mmoja. Tarehe 6 Aprili 1955 majaji 11 dhidi ya 3 waliamua kwamba Liechtenstein haiwezi kumtetea Nottebohm dhidi ya Guatemala. Maisha yake, biashara yake, miaka yake zaidi ya 30 ilikuwa Guatemala. Naye hakuwa na kiungo cha kweli na Liechtenstein zaidi ya karatasi.

Tangu siku hiyo, popote wanasheria wanapobishana kuhusu uraia wa kununuliwa, au pasipoti za visiwa vinavyouza uraia kwa wawekezaji, jina la Nottebohm halikosi kutajwa. Nchi ilishindwa kesi, lakini swali ililolipeleka The Hague bado linaulizwa: je, pasipoti ni mali ya aliyeishika tu, au ni lazima iwe na maisha nyuma yake?

Wakimbizi 500 na nchi isiyo na bunduki

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1945, siku chache kabla vita havijaisha Ulaya, karibu watu 500 walivuka mpaka wakitokea Austria. Walikuwa Warusi waliopigana upande wa Wajerumani chini ya jenerali Boris Smyslovsky, pamoja na wanawake na watoto wawili watatu. Umoja wa Kisovieti uliwataka. Waingereza na Wamarekani walikuwa wakiwarudisha maelfu ya watu wa namna hiyo kwa nguvu, na wengi waliishia kupigwa risasi au kwenye kambi za kazi ngumu.

Liechtenstein, iliyokuwa na wakazi kama 12,000, ilikataa kumrudisha yeyote asiyetaka. Ujumbe wa Kisovieti ulikuja hadi hapo kuwashawishi, na kama 200 walikubali kurudi. Wengine walilishwa na kuhifadhiwa hadi mwaka 1947, ambapo wapatao 100 walisafiri kwenda Argentina. Ukifika Hinterschellenberg utaona mnara mdogo wa kumbukumbu mahali walipovukia. Wapo wanaouliza, kwa haki, kwa nini watu waliovaa sare ya Hitler wapewe hifadhi. Ninachokiona mimi ni serikali iliyopima uhai wa watu ikakataa kuwatuma kwenye kifo, wakati mataifa yenye majeshi ya mamilioni yalikuwa yakifanya kinyume.

Miaka 64 bila salamu

Mwaka huohuo wa 1945, Czechoslovakia ilitaifisha mali za Wajerumani, na ukoo wa watawala wa Liechtenstein ukahesabiwa humo. Ardhi ya ukoo katika nchi hiyo ilikuwa kama kilomita za mraba 1,600: mara kumi ya nchi wanayoitawala, takriban Unguja nzima! Majumba ya Valtice na Lednice, ambayo sasa yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, yalikuwa yao.

Tangu hapo nchi hizo hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Czechoslovakia yenyewe ikagawanyika mwaka 1993, na bado Ucheki na Slovakia hazikuwa na uhusiano wa kibalozi na Vaduz. Mlango ulifunguliwa mwaka 2009, Ucheki mnamo Julai na Slovakia mnamo Desemba. Kuhusu mashamba yenyewe, hawajakubaliana.

Kibali cha kuishi kwa bahati nasibu

Mjini Vaduz, mji mkuu wenye watu wasiofika 6,000, kuna Idara ya Wageni na Pasipoti. Ofisi hiyo moja inatoa pasipoti za buluu iliyoiva zenye nembo ya dhahabu, inasimamia vibali vya wageni, na mara mbili kwa mwaka inachezesha bahati nasibu.

Sheria za Eneo la Uchumi la Ulaya humruhusu raia wa nchi wanachama kwenda kuishi popote. Liechtenstein ilisema, na ikaeleweka, kwamba ikifungua mlango wote itafurika. Ikapewa utaratibu wa pekee: kila mwaka hutoa vibali 56 kwa wanaokuja kufanya kazi na 16 kwa wasiofanya kazi, na nusu yake ni lazima itolewe kwa kura ya bahati. Mkurugenzi wa benki na fundi bomba wanaingia kwenye kapu moja.

Matokeo yake ni msafara wa kila asubuhi. Ajira zimezidi 40,000, karibu sawa na idadi ya wakazi wote pamoja na watoto wa chekechea, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanalala Uswisi, Austria au Ujerumani na kuvuka mpaka kwenda kazini.

Majirani wanakupigia kura

Ukishakaa, uraia je? Njia ya kawaida ni kuishi huko miaka 30, ila miaka kabla ya kutimiza umri wa 20 huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo kijana aliyekulia hapo husubiri muda mfupi zaidi. Njia nyingine ni miaka 10, kisha wananchi wa kata unayoishi wanapiga kura kama wakukubali au la. Hebu wazia jina lako kwenye karatasi ya kura, na anayetia alama ni yule jirani uliyegombana naye kwa sababu ya mbuzi.

Na ukikubaliwa, uraia wa zamani unauacha. Watanzania wa ughaibuni wanaujua mjadala huu kwa undani. Agosti 2020 Liechtenstein iliuliza wananchi kama waruhusu raia wapya kutoka Uswisi na nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya kubaki na pasipoti mbili. Zaidi ya asilimia 60 walikataa. Kinachonigusa ni kwamba mzaliwa wa Liechtenstein akichukua uraia wa nchi nyingine anabaki na wa kwao. Anayetakiwa kuacha ni yule anayeingia.

Jeshi la jirani lilipopotea njia

Machi 2007, askari wapatao 170 wa Uswisi walikuwa mazoezini usiku, mvua ikinyesha, wakakosea njia na kuingia Liechtenstein kama kilomita mbili. Walipogundua wakageuka. Uswisi iliomba radhi, na Vaduz ikasema hakuna ubaya.

Wa mwisho kupiga kura, wa mbele wizarani

Wanawake wa Liechtenstein walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa mwaka 1984, mwisho kabisa Ulaya, na hata hapo wanaume waliokubali waliwazidi kidogo tu waliokataa. Miaka tisa baadaye, 1993, Andrea Willi akawa waziri wa mambo ya nje. Baadaye wakafuata Rita Kieber-Beck, Aurelia Frick, Katrin Eggenberger na Dominique Hasler. Serikali nzima ina watu watano, kwa hiyo waziri wa mambo ya nje hubeba na wizara nyingine begani.

Kata inayoweza kujiondoa

Katiba, tangu marekebisho ya 2003, inazipa kata zote 11 haki ya kujitoa katika nchi zikitaka. Mojawapo, Planken, ina watu kama 500. Mtawala Hans-Adam II amelihubiri suala la watu kujiamulia mambo yao kwa miaka mingi, na mwaka 2000 akafadhili taasisi ya kulichunguza katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Kisha akalileta hadi nyumbani kwake.

Njia ilipita Munyonyo

Juni 2010, wajumbe wa nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikutana Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, Kampala. Kazi yao ilikuwa kulifafanua kosa la uvamizi: lini kiongozi anayeamuru nchi yake iivamie nyingine ashtakiwe yeye binafsi. Nuremberg walihukumiwa watu kwa kosa la namna hiyo, kisha dunia ikabishana kwa miongo.

Aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa Christian Wenaweser, balozi wa Liechtenstein Umoja wa Mataifa. Mazungumzo yalipita saa sita usiku ya siku ya mwisho, kisha makubaliano yakapita bila kupingwa. Nchi ya kwanza kuyaridhia marekebisho hayo ya Kampala kuhusu uvamizi, Mei 2012, ilikuwa Liechtenstein. Nani mwenye haja zaidi ya sheria dhidi ya uvamizi kuliko nchi ambayo hata ikitaka kujilinda haina askari wa kumpanga mpakani?

Kura ya turufu yapata swali

Mwenye kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama alikuwa akiitumia na kwenda zake. Tarehe 26 Aprili 2022, Baraza Kuu lilipitisha kwa kauli moja azimio lililoandaliwa na kuongozwa na Liechtenstein: kila turufu ikitumika, Baraza Kuu likutane ndani ya siku 10 za kazi kulijadili jambo hilo. Azimio haliondoi turufu. Linampa aliyeitumia nafasi ya kusimama mbele ya mataifa yote aeleze kwa nini. Mwezi mmoja baadaye China na Urusi zilitumia turufu kuhusu Korea Kaskazini, na Juni 8 mjadala wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika.

Na haikuwa mara ya kwanza Liechtenstein kulipeleka jambo Baraza Kuu. Desemba 2016, Baraza la Usalama likiwa limekwama kuhusu Syria, Liechtenstein ikishirikiana na Qatar ilipeleka kwenye Baraza Kuu pendekezo la kuunda chombo cha kukusanya ushahidi wa uhalifu wa vita. Nchi 105 zikaunga mkono, 15 zikapinga, na chombo hicho kikaundwa.

Muhuri wa dukani

Tukirudi kwenye pasipoti, safari hii yako. Ukienda Vaduz utatua Zurich, upande treni na kumalizia na basi kuvuka Rhine, na hakuna atakayekusimamisha. Mpakani na Uswisi hapana afisa wa uhamiaji. Tangu Desemba 2011 Liechtenstein imo kwenye eneo la Schengen, kwa hiyo hata upande wa Austria unapita bila kugongewa chochote. Unaweza kulala, kula na kuondoka, na pasipoti yako isionyeshe kwamba ulifika.

Wasafiri wanaotunza kumbukumbu huingia ofisi ya utalii pale katikati ya mji, hulipa faranga chache, na mhudumu aliyesimama nyuma ya kaunta, kati ya stempu za posta na kadi za picha, hufungua ukurasa mweupe na kuwagongea muhuri wenye jina la nchi na taji lake.